Kuchanjwa influenza famasini Marekani: mwongozo kwa anayeingia na Kiswahili chake

Oktoba ya kwanza baada ya shangazi yangu kufika Ohio, nilimpeleka famasi ya mtaani kwetu akachomwe sindano ya influenza. Nilimwandikisha, nikamwacha kwenye kiti, nikaenda kununua maziwa na mkate. Niliporudi nikamkuta palepale, mkoba mapajani, hajachomwa. Mfamasia alikuwa amemsomea maswali ya fomu, na shangazi, kwa adabu aliyokua nayo ya kumwitikia mtu wa afya, alijibu "yes" kila swali. Una mzio mkali wa dawa? Yes. Uliwahi kuzidiwa baada ya chanjo? Yes. Una homa leo? Yes. Kwa majibu hayo hakuna mfamasia ambaye angemchoma. Tulirudi wiki iliyofuata, nikakaa pembeni yake, na kila kitu kikachukua dakika kumi.

Tangu siku hiyo nimewasindikiza wengi: wazazi wa marafiki, majirani kutoka Kivu na Kigoma, dada waliojifungua juzi. Kuchomwa hakuna ugumu wowote. Watu hukwama kwenye maneno, kwenye kadi ya bima na kwenye yale maswali, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa urefu.

Kabla ya yote, tuelewane ugonjwa

Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Mtanzania akisema "mafua" ana maana ya pua kutiririka na kupiga chafya. Mkenya kitu hichohicho anakiita "homa". Mkongomani anasema "gripe". Basi mtu akiambiwa kuna chanjo ya mafua, anashangaa: mafua nayo ya kuchanjiwa? Si nitakunywa chai ya tangawizi?

Influenza ni kitu kingine. Inaingia ghafla. Asubuhi uko kazini, jioni mwili umevunjika, joto limepanda, kichwa kinagonga, na huwezi kuinuka kitandani siku kadhaa. Kwa mzee, mtoto mchanga, mjamzito, mwenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, inaweza kugeuka nimonia. Marekani influenza huua maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao wakiwa wazee. Nyumbani virusi hivi vipo pia, ila katika nchi za joto havina msimu mmoja mkali kama wa huku, ambako watu hujifungia ndani miezi ya baridi wakipumuliana.

Hatua ya 1: Nenda kwa wakati

Mwezi wa 9 na wa 10 ndiyo bora. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka mwilini, na influenza huku kwa kawaida hupamba moto kati ya Desemba na Februari. Ukichelewa usikate tamaa: hata Januari famasi bado zinachoma, na bado inafaa. Ila usiwahi mno. Kwa watu wazima wengi, hasa wazee, kuchomwa Julai au Agosti si vyema, kwa sababu kinga hupungua kadiri miezi inavyokwenda na msimu wenyewe utakukuta imeshalegea.

Ya mwaka jana haitoshi. Virusi vya influenza hubadilika, na kila Februari Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu kupendekeza aina zitakazowekwa kwenye chanjo ya msimu ujao wa nchi za kaskazini. Chanjo zinazotumika Marekani tangu msimu wa 2024 hadi 2025 hukinga aina tatu. Zamani zilikuwa nne, lakini aina moja ya kundi la virusi vya influenza B haijaonekana ikienea duniani tangu Machi 2020, ikaondolewa.

Kama unasafiri kwenda nyumbani Desemba kwa Krismasi au harusi, chomwa angalau wiki mbili kabla ya ndege. Bibi anayekusubiri uwanjani hajachanjwa.

Hatua ya 2: Jua kama famasi ndiyo mahali pako

Kila mwenye umri wa miezi sita na zaidi anaweza kuchanjwa, isipokuwa wachache wenye sababu maalumu ya kiafya. Lakini si kila mtu huchanjwa famasini.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu mpeleke kwa daktari wake wa watoto au kliniki. Kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea famasi nyingi zinakubali, nyingine zinataka awe mkubwa zaidi, na sheria za majimbo hutofautiana, kwa hiyo piga simu kwanza. Kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi mapema: mtoto wa kati ya miezi sita na miaka minane anayechanjwa influenza kwa mara ya kwanza maishani anahitaji dozi mbili, zipishane kwa wiki nne au zaidi. Familia nyingi zilizofika karibuni zina watoto wa namna hii. Anza Septemba ili dozi ya pili isiangukie katikati ya baridi.

Mama mjamzito achomwe, mimba iwe changa au kubwa. Mtoto mchanga hawezi kuchanjwa kabla ya miezi sita, hivyo kinga anayoipata ni ile inayopita kutoka kwa mama yake. Mama zetu wengi huogopa sindano yoyote wakiwa wajawazito, na hofu hiyo naielewa. Zungumza na mkunga au daktari wako, lakini usikae kimya tu mpaka msimu upite.

Aliyefikisha miaka 65 ana sindano yake. Kuna iliyoongezwa nguvu na kuna iliyowekewa kichocheo cha kinga, kwa sababu mwili wa mzee huitikia chanjo kwa uvivu kuliko wa kijana. Famasi ikiwa nayo, ndiyo apewe. Ikiwa haipo, achomwe ya kawaida, asirudi nyumbani bila kitu.

Ipo pia chanjo ya kupuliza puani, kwa watu wa miaka 2 hadi 49 wasio wajawazito na wasio na matatizo fulani ya kiafya. Watoto wanaoogopa sindano huipenda. Kwa Waislamu, fahamuni kwamba hii ya puani ina jelatini ya nguruwe. Wapo wanazuoni walioiruhusu na wapo wasioiruhusu. Anayetaka kujiepusha achague sindano, na akitaka uhakika amwombe mfamasia amwonyeshe karatasi yenye orodha ya viambato.

Hatua ya 3: Malizana na bima ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo pesa za watu hupotea bure.

Bima nyingi za kazini na zile za kununua mwenyewe hulipia chanjo hii yote, bila wewe kutoa senti, ila kwa sharti moja: famasi iwe kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya famasi zenye mkataba nayo. Famasi iliyo karibu na nyumba yako huenda haimo. Jirani yangu mmoja alichomwa kwanza akauliza baadaye, na bili ikamfuata kwa posta. Geuza kadi yako ya bima, nyuma kuna namba ya simu. Piga, omba mkalimani, uliza: famasi hii mnaikubali kwa chanjo ya influenza?

Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo: tangu Oktoba 2023 sheria inazitaka Medicaid za majimbo yote zilipie watu wazima chanjo zinazopendekezwa, bila malipo ya ziada. Unachotakiwa kuhakikisha ni kwamba Medicaid yako bado iko hai. Barua za kuhuisha huja kwa Kiingereza, mtu akaiweka juu ya friji, miezi ikapita, na siku ya famasi ndipo anapoambiwa kadi imefungwa.

Mzee mwenye Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee: sehemu yake B inalipia yote. Abebe ile kadi ya rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Kama Medicare yake inaendeshwa na kampuni binafsi, abebe kadi ya kampuni hiyo. Mimi huwaambia wabebe zote mbili.

Asiye na bima kabisa asianzie famasi, maana atalipa makumi ya dola, na ile ya wazee hupita hapo. Aanzie idara ya afya ya kaunti yake au kituo cha afya cha jamii, ambako malipo hufuata kipato na mara nyingine hakuna malipo kabisa. Watoto wasio na bima, pamoja na wenye Medicaid, wana mpango wa serikali kuu wa chanjo za watoto ulioanza 1994. Famasi nyingi hazimo kwenye mpango huo, madaktari wa watoto na kliniki za kaunti wengi wamo. Sema tu kwamba mtoto hana bima na uulize kama wanatoa chanjo za mpango wa "Vaccines for Children".

Na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, hospitali na viwanda vya nyama, ambao ni wengi miongoni mwetu: uliza kazini kwanza. Waajiri wengi huleta wauguzi mahali pa kazi na kuchoma bure.

Hatua ya 4: Miadi, na majina yako

Unaweza kuweka miadi kwenye tovuti ya famasi au kwa simu, na famasi nyingi humpokea hata anayeingia bila miadi. Epuka saa za jioni watu wakitoka kazini. Katikati ya asubuhi mfamasia ana nafasi ya kukusikiliza, na hilo kwa mtu anayehitaji mkalimani ni kubwa.

Beba kitambulisho chenye picha, kadi za bima, na orodha ya dawa unazokunywa, au chupa zenyewe ukizitia kwenye mfuko.

Tarehe ya kuzaliwa huandikwa mwezi kwanza. Aliyezaliwa tarehe 3 Julai akiandika 03/07 amejifanya wa Machi. Kompyuta haitamwona, na bima itakataa.

Kisha jina. Liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya bima, hata kama kwenye kadi limeandikwa vibaya. Wengi wetu tuliopitia kambi za wakimbizi tuliandikiwa tarehe 1 Januari na majina yakageuzwa, la ukoo likawa la kwanza. Matokeo yake famasi moja inaweza kuwa na watu watatu wenye jina linalofanana na siku moja ya kuzaliwa. Mfamasia akikuuliza anwani yako mara ya pili, ujue hiyo ndiyo njia yake ya kuhakikisha dozi haiandikwi kwa mtu mwingine. Mjibu taratibu.

Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda mpaka begani. Kwa mama aliyevaa buibui au gauni la mikono mirefu, avae fulana ya mikono mifupi ndani, na aombe chumba cha pembeni. Famasi nyingi wana kijichumba au pazia, na ana haki ya kuomba mhudumu wa kike, ingawa siku hiyo huenda hayupo.

Hatua ya 5: Maneno ya kaunta

Ukifika, nenda kwenye kaunta ya dawa, si ile ya kulipia bidhaa. Maneno mawili yanatosha: "flu shot". Ukiongeza "Swahili interpreter, please", umeshafungua mlango.

Mkalimani ni haki yako. Famasi zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa msaada wa lugha bila malipo, na msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mara nyingi watapiga simu, waweke spika, na mkalimani atazungumza kutoka mji mwingine kabisa. Huenda wakasema hawana Kiswahili. Rudia kwa upole, omba wapige "language line", au omba kuzungumza na mfamasia mwenyewe badala ya msaidizi wake.

Usimfanye mtoto wa miaka kumi awe mkalimani. Najua ndiye anayejua Kiingereza nyumbani. Lakini utaulizwa kama una mimba, kama una ugonjwa unaodhoofisha kinga ya mwili, na hayo mama hawezi kuyajibu kweli mbele ya mwanawe, wala mtoto hajui kuyatafsiri.

Hatua ya 6: Maswali, moja baada ya jingine

Majibu sahihi kwa mtu mzima wa afya ya kawaida karibu yote ni "no". Lakini usikariri "no" kama shangazi alivyokariri "yes". Elewa kinachoulizwa.

Unaumwa leo? Wanataka kujua kama una joto la mwili au ugonjwa mzito. Hapa ndipo lahaja zetu zinagongana. Mkalimani Mtanzania akikuuliza "una homa?", anamaanisha mwili kuchemka. Wewe Mkenya mwenye kamasi kidogo utasema ndiyo, na utarudishwa nyumbani. Sema "joto la mwili" au "kamasi tu", neno ambalo haligeuki likivuka mpaka. Kamasi na kikohozi kidogo havizuii chanjo. Joto kali linakufanya usubiri upone.

Una mzio, yaani aleji? Wanauliza juu ya dawa, chakula, na vitu vilivyomo kwenye chanjo. Taja unachokijua na useme kilikufanyaje: vipele, kuvimba midomo, kushindwa kupumua. Mayai hayazuii tena. Tangu msimu wa 2023 mwongozo wa Marekani unasema mwenye mzio wa mayai anaweza kuchomwa chanjo yoyote ya influenza inayofaa umri na afya yake, bila tahadhari ya ziada. Bado litaje tu.

Uliwahi kupata tatizo kubwa baada ya chanjo? Mkono kuuma na mwili kuchoka siku moja si tatizo kubwa. Kushindwa kupumua, kuvimba uso au kuanguka, ndiyo, sema.

Uliwahi kupata Guillain-Barré? Jina hili huwatisha wazee. Ni ugonjwa wa nadra wa neva ambao huanza kwa udhaifu wa miguu na kupanda juu, na mtu hulazwa hospitali. Aliyeupata angelikumbuka. Kama ulikupata ndani ya wiki sita baada ya chanjo ya influenza, sema, mfamasia atakuelekeza kwa daktari.

Unakunywa dawa za kuzuia damu kuganda? Ndiyo hapa haikunyimi chanjo. Watabonyeza jeraha kwa muda mrefu zaidi. Una mimba? Ndiyo hapa pia haikunyimi sindano, inakunyima ile ya puani tu. Huwa unazirai ukichomwa? Usione haya, watakulaza.

Usipoelewa swali, nyamaza na useme "again, please". Hakuna atakayekasirika, na hata akikasirika, mwili ni wako.

Kabla ya kuchomwa utapewa karatasi ya maelezo ya chanjo. Sheria ya serikali kuu inawalazimu kuitoa. Uliza kama wanaweza kukuchapia ya Kiswahili. Kisha utatia saini. Saini hiyo inasema umekubali kuchomwa na bima yako itozwe.

Hatua ya 7: Sindano yenyewe

Hii ni fupi. Muulize jina la chanjo anayokuchoma na kama ni ya influenza peke yake, kwa sababu majira hayahaya famasi hutoa na ya korona, na mtu anaweza kuitikia zote mbili bila kujua. Kuchomwa zote siku moja kunaruhusiwa, ila iwe umeamua mwenyewe. Legeza bega, usikaze ngumi. Ni sekunde chache, msuli wa juu ya mkono, kisha plasta. Chagua mkono usioutumia sana kazini.

Kaa dakika kumi na tano kabla ya kuondoka, hasa kijana au anayeogopa sindano. Wanaozirai huzirai mapema.

Hatua ya 8: Siku mbili zinazofuata

Mkono utauma. Huenda mwili ukawa mzito, kichwa kikauma kidogo, joto likapanda kidogo, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili yote huisha. Hapa huanza ule uvumi: "nilichomwa nikaugua." Sindano ya influenza haina kirusi kilicho hai, haiwezi kukupa influenza. Unachosikia ni mwili ukijifunza. Ukiugua kweli wiki hiyohiyo, ujue kirusi kilikupata kabla kinga haijajengeka, au ni mafua ya aina nyingine. Na ni kweli kwamba aliyechanjwa anaweza kupata influenza. Mara nyingi humpata kwa wepesi zaidi, akabaki nyumbani badala ya kulazwa.

Ukivimba uso au koo, ukapata vipele mwili mzima, au pumzi ikakubana, piga 911 na useme "Swahili" na anwani yako. Wana wakalimani wa simu.

Omba karatasi ya kuthibitisha chanjo kabla hujatoka famasini, uipige picha kwa simu. Shule huenda ikaitaka, mwajiri wa nyumba ya wazee huenda akaitaka, na anayeomba makazi ya kudumu ataulizwa na daktari wa uhamiaji kama uchunguzi wake unaangukia msimu wa influenza. Kuwa nayo kunakuokoa kuchomwa tena na kulipa tena.

Kama ni mtoto anayehitaji dozi ya pili, hesabu siku 28 palepale kaunta, weka miadi kabla ya kuvaa koti, na andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi kwanza.